Kumsaidia Mnyamapori Aliyejeruhiwa: Huruma, Hatari na Wajibu wa Umma



Shukrani ni haki ya waandaaji wa mkutano huu, ambao wameona kwamba hali ya mnyama aliyeumia kando ya barabara au ufukweni ni jambo linalostahili kujadiliwa hadharani, kwa uzito uleule unaopewa masuala ya afya na elimu.

Kusudi la mhadhara huu ni kuchunguza swali moja: raia asiye mtaalamu anapomkuta mnyamapori aliyejeruhiwa, mgonjwa, au anayedhaniwa kuwa yatima, afanye nini, na jamii inayomsifu kwa huruma yake inawajibika kumpa nini ili huruma hiyo isimdhuru yeye wala mnyama mwenyewe? Neno mnyamapori litatumika kwa upana, likiwajumuisha ndege na viumbe wa baharini kama kasa. Huruma yenyewe haihitaji kutetewa mbele ya hadhira hii. Waislamu waliopo wanakijua kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji kwa kiatu chake mbwa mwenye kiu, na Wakristo wanajua kwamba Kitabu cha Mithali kinamhesabia mtu haki kwa jinsi anavyowatendea wanyama wake. Kinachohitaji kutetewa ni msimamo kwamba lengo la msaada ni mnyama kurudi katika maisha yake porini au baharini, na kwamba kila tendo la msaidizi, pamoja na tendo la kutomgusa, lipimwe kwa lengo hilo.

1. Majeraha mengi yana mkono wa binadamu

Tembo anayechechemea huku waya umezama katika mguu wake hakuumizwa na simba. Waya huo ulitegwa kwa ajili ya nyama ya swala au nyumbu, ukamnasa mwingine aliyepita, na kwa kuwa kitanzi hukaza kila mnyama anapovuta, hukata ngozi, kisha kano, hata kufika kwenye mfupa. Katika Serengeti tatizo hili lilifikia kiwango cha kulazimisha, mwaka 2017, kuundwa kwa vikosi maalumu vya kutafuta na kuondoa vitanzi, kwa ushirikiano wa hifadhi na shirika la Frankfurt Zoological Society.

Mifano haiishii hapo. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na kila dereva wa njia hiyo ameona mizoga. Huko Diani, pwani ya Kenya, mbega ambao kwa asili hupita juu ya miti bila kushuka chini hushika nyaya za umeme wakidhani ni matawi, au hugongwa wanapolazimika kuvuka lami. Baharini, kasa anayenaswa katika jarife hushindwa kupanda juu kuvuta pumzi. Na katika nchi kavu, mfugaji aliyeuliwa ng'ombe humwaga dawa ya wadudu kwenye mzoga akimkusudia simba au fisi, lakini wanaotangulia kufika ni tumbusi, ndege wala mizoga, ambao huanguka kwa makumi kuzunguka mzoga mmoja.

Iwapo ndivyo ilivyo, basi kumtibu mnyama wa aina hii ni zaidi ya ukarimu, kwa sababu anayetibu analipa deni la jamii yake. Madaktari wanaowahudumia gorila wa milimani katika Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kazi iliyoanza mwaka 1986 kufuatia ombi la mtafiti Dian Fossey aliyeuawa Desemba 1985, wamejiwekea kanuni inayofaa kuigwa: huingilia kati pale jeraha linapotokana na binadamu au linapotishia uhai, na katika mambo mengine humwachia mnyama apone mwenyewe. Pale ambapo simba amechomwa na pembe ya nyati, au swala amedakwa na duma, hakuna deni la kulipwa, na anayemfukuza duma ili kumwokoa swala huwanyima chakula watoto wa duma waliofichwa vichakani. Kuitii kanuni hiyo ni kugumu kwa mtu anayeona damu kwa macho yake. Hata hivyo, msaidizi asiyeitii hujikuta akigombana na utaratibu uliokuwapo kabla yake.

2. Mtoto wa mnyama aliye peke yake si lazima awe yatima

Swala wengi, pongo na digidigi huwaficha watoto wao katika nyasi kwa siku au wiki za kwanza, na mama hukaa mbali makusudi ili harufu na mwendo wake visimwoneshe adui mahali mtoto alipolala, kisha hurudi mara chache tu kwa siku kumnyonyesha. Mtoto huyo hulala kimya, masikio yakiwa yamelazwa, wala hakimbii mtu anapomkaribia. Mchungaji au mtalii mwenye moyo mwema humwona, humhurumia, humbeba, na kwa kumbeba humfanya yatima ambaye hakuwa yatima. Duma naye huwaacha watoto wake anapokwenda kuwinda.

Mwaka 2016, katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone nchini Marekani, wageni walimpakia garini ndama wa baisani, yaani nyati wa huko, wakiamini kwamba anaumwa na baridi. Wahifadhi walijaribu kumrudisha kundini mara kadhaa, kundi likamkataa, naye akawa anasogelea watu na magari mpaka ikabidi auawe. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika tukio hilo, na ndiyo maana linastahili kukumbukwa. Kutazama kwa mbali kwa saa kadhaa, bila mbwa na bila umati, ni msaada kamili kwa mtoto wa aina hii, isipokuwa pale ambapo mama ameonekana amekufa au mtoto mwenyewe ana jeraha.

3. Hatari kwa mwenye huruma

Mnyama wa porini hajui tofauti kati ya mkono unaokuja kumfungua na mkono uliomtega. Maumivu humfanya ajitetee kwa silaha zote alizo nazo, na silaha hizo hazipungui kwa sababu amevunjika mguu. Pongo dume aliyelala kana kwamba amekata tamaa huweza kuinua pembe ghafla na kumchoma mtu tumboni. Korongo hulenga macho ya anayemwinamia. Tai na bundi huumiza kwa kucha kuliko kwa mdomo, na anayewashika kichwa akidhani amejikinga huja kujuta.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi vinavyoshambulia ubongo, navyo hupita katika mate ya mnyama mgonjwa kwa njia ya kung'atwa, kukwaruzwa, au mate kugusa macho, mdomo na vidonda. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na takribani wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Lakini bweha, fisi, nguchiro, nyegere na wanyama wengine wanyonyeshao huweza kuubeba. Dalili zikishaanza hakuna tiba ya kutegemewa, na karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya dalili, chanjo iliyotolewa mapema huokoa maisha. Kwa hiyo anayeng'atwa au kukwaruzwa, hata kidogo, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo bila kungoja kuona kama atajisikia vibaya.

Ishara moja ya ugonjwa huu huwapotosha watu wema kuliko wengine: mnyama hupoteza woga. Nchini Namibia, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kichaa cha mbwa kimewaua tandala kwa maelfu, na wakulima wa huko wanawajua tandala wagonjwa kwa jinsi wanavyoingia hadi kwenye nyua za nyumba, wakitokwa mate, wakionekana wapole kama ng'ombe wa nyumbani. Upole wa ghafla wa mnyama wa porini uhesabiwe kuwa ugonjwa mpaka daktari athibitishe vinginevyo, na wazazi wawafundishe watoto jambo hili mapema, kwa kuwa ni watoto wanaonyoosha mkono kwanza.

Popo anahitaji tahadhari ya pekee. Mwaka 2007 mgeni kutoka Uholanzi alikwaruzwa usoni na popo katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi, mkwaruzo mdogo aliouosha mwenyewe, na wiki kadhaa baadaye akafariki kwao kwa virusi vya jamii moja na vile vya kichaa cha mbwa. Aidha, virusi vya Marburg, ambavyo husababisha homa kali yenye kutoka damu, vimegunduliwa katika popo walao matunda waishio mapangoni; wagonjwa wa mwaka 1980 na 1987 nchini Kenya walikuwa wametembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon, na mwaka 2023 Mkoa wa Kagera, Tanzania, ulipata mlipuko wa ugonjwa huo uliowapata watu 9 na kuwaua 6. Haya hayasemwi ili popo wachomewe mapangoni, jambo ambalo lingekuwa dhuluma na hasara, maana ndio wanaochavusha mibuyu na kusambaza mbegu za misitu. Yanasemwa ili popo aliyeanguka sakafuni asiokotwe kwa mkono mtupu.

Kuna pia kimeta, ugonjwa wa bakteria ambao uliua viboko wengi katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, mwaka 2004, na nyati katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru mwaka 2015. Mzoga wa mnyama aliyekufa kwa kimeta aghalabu haukakamai, na damu isiyoganda hutoka puani, mdomoni na sehemu ya haja. Ukipasuliwa, bakteria hujigeuza kuwa chembe ngumu ziwezazo kudumu udongoni kwa miongo mingi. Mwisho, tumbusi au tai anayetetemeka na kutokwa udenda huenda amekula sumu, na baadhi ya sumu hizo hupenya ngozi ya binadamu.

4. Hatari kwa mnyama anayesaidiwa

Wasikilizaji wengi wamewahi kuona swala au punda milia aliyekamatwa akiwa mzima, akafungwa kamba, akapakiwa garini, kisha akafa siku ya pili au ya tatu bila sababu ya wazi. Sababu ipo, nayo huitwa na madaktari maradhi ya misuli yatokanayo na kukamatwa. Mnyama anayekimbizwa na kupapatika hutumia misuli kupita kiasi. Asidi hujaa katika damu, joto la mwili hupanda, nyuzi za misuli huvunjika na protini zake huziba figo, na moyo wenyewe huweza kusimama. Kelele za umati, mikono inayompapasa na simu zinazomulikwa usoni humwongezea madhara hayo. Mtu anayempapasa swala ili kumtuliza hajui kwamba swala huyo, asiyetikisika, yumo katika hofu ya kufa.

Hata mtaalamu huenda kwa hadhari. Dawa ya usingizi inayofyatuliwa kwa bunduki maalumu ili kumlaza tembo ina nguvu maelfu ya mara kuliko mofini, kiasi kwamba tone dogo likimwingia binadamu laweza kumuua, na daktari haanzi kazi kabla ya kuandaa dawa ya kuipinga. Tembo akiangukia kifua ni lazima ageuziwe ubavuni haraka, kwani uzito wake mwenyewe humzuia kupumua, na mkonga wake hutunzwa usizibe.

Chakula nacho huua. Daphne Sheldrick, aliyeanzisha mwaka 1977 taasisi ya kulea ndama wa tembo jijini Nairobi, alitumia miaka mingi kutafuta maziwa ambayo ndama mchanga angeweza kuyameng'enya, kwa sababu mafuta ya maziwa ya ng'ombe hayamfai. Ufumbuzi ulipatikana katika mafuta ya nazi, ambayo watu wa pwani waliomo ukumbini hawahitaji kuelezwa. Baada ya ushindi huo likaja fundisho chungu zaidi. Ndama wake aliyeitwa Aisha, aliyenawiri kwa maziwa hayo katika miaka ya 1970, alisusa kula na kufa Daphne alipoondoka kwa siku chache kuhudhuria arusi ya binti yake, kwa kuwa ndama huyo alikuwa amemfungamania mtu mmoja tu. Tangu hapo walezi hulala na ndama kwa zamu, ili kila yatima awe na familia badala ya mama mmoja, na baadaye ndama hupelekwa Tsavo, katika vituo kama Voi na Ithumba, ambako kwa miaka kadhaa hujizoesha polepole na makundi ya porini mpaka siku watakapoamua wenyewe kutorudi usiku. Kazi hii hukamilika kwa mnyama kumwacha mlezi. Ile methali ya tenda wema nenda zako inatimizwa hapa kwa ukamilifu usiopatikana mahali pengi.

Anayeshindwa kuachia huandaa msiba. Simba aliyeitwa Boy, aliyelelewa na watu na kuoneshwa katika filamu ya Born Free, alimuua mfanyakazi wa kambi ya mhifadhi George Adamson huko Kora, Kenya, mwaka 1971, na Adamson mwenyewe akalazimika kumpiga risasi. Simba huyo hakuwa amegeuka kuwa mbaya. Alikuwa ameondolewa woga unaomweka simba mbali na mtu, na hakuna aliyeweza kumrudishia. Tumbili na komba wanaofugwa majumbani kwa mapenzi huishia vivyo hivyo kwa kiwango kidogo: wakikomaa huanza kung'ata, hufungwa mnyororo, na huruma ya mwanzo hugeuka kifungo cha maisha.

Kisa cha Owen chastahili kutajwa, kwa maana kinaonesha mambo mawili kwa pamoja. Ndama huyo wa kiboko, aliyesukumwa na mafuriko ya Mto Sabaki hadi baharini karibu na Malindi, aliachwa peke yake wakati wa tsunami ya Desemba 26, 2004, na umati wa wavuvi na wakazi ukamwokoa kwa nyavu. Bila wao asingeishi. Lakini kumrudisha mtoni kwa viboko wageni kungemhatarisha, naye akapelekwa Haller Park, Mombasa, ambako alijiegemeza kwa kobe mkongwe aitwaye Mzee na baadaye akaishi na kiboko mwenzake. Uokoaji ulifanikiwa, kurudi porini hakukuwezekana, na heshima kwa waokoaji haipungui kwa kulitamka jambo la pili.

Tatizo jingine ni maambukizi yanayoelekea upande wa pili, kutoka kwa mtu kwenda kwa mnyama. Gorila na sokwe hupata mafua na homa za mapafu za binadamu, na mafua yanayompitia mtalii bila kumlaza kitandani huweza kuua familia ya gorila. Ndiyo sababu ya barakoa na masharti ya umbali. Mwisho kuna yale majeraha yasiyo na tiba. Twiga aliyevunjika mfupa mkubwa wa mguu hawezi kuungwa na kusimama tena, na daktari anayeamua kumfisha bila maumivu anafanya tendo la huruma ambalo mtazamaji hulipokea kwa machozi, pengine kwa hasira. Uamuzi huo uachwe mikononi mwake.

5. Sheria, na mambo yaliyo ndani ya uwezo wa raia

Tanzania, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, inamweka kila mnyamapori kuwa mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2013; katika nchi zote mbili kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali ni kosa, hata kama nia ni kumuuguza. Sheria hizi huonekana baridi kwa aliyembeba komba aliyevunjika mkono, lakini hatari zilizoelezwa hapo juu ndizo zinazozipa maana.

Aliyemkuta mnyama asimame mbali, atulize watu, azuie mbwa, atambue kwa uhakika mahali alipo, na kumwarifu askari wa wanyamapori au daktari wa mifugo aliye karibu, kisha abaki akilinda. Ndege mdogo aliyegonga dirisha aweza kufunikwa kwa kitambaa na kuwekwa ndani ya boksi lenye giza na matundu ya hewa. Asimiminiwe maji mdomoni, kwa maana huingia mapafuni. Kwa wavuvi, jambo la kujua ni kwamba kasa aliyetoka katika wavu akiwa hatikisiki huenda hajafa. Akirudishwa majini katika hali hiyo atazama. Akilazwa kifudifudi kivulini, sehemu ya nyuma ikiinuliwa kidogo, na ngozi yake ikiloweshwa, huweza kuzinduka baada ya saa kadhaa, hata hadi saa 24. Kasa anayeelea bila kuweza kuzama naye asisukumwe kurudi baharini, kwa kuwa aghalabu ana gesi tumboni, pengine kwa sababu ya plastiki aliyoimeza, na anahitaji kituo cha tiba kama kile cha Watamu, ambacho kwa miaka mingi kimefanya kazi na wavuvi wanaopiga simu wanapomnasa kasa bila kukusudia.

Kazi iliyo mbele

Kumwambia raia asimguse mnyama, kisha kumwacha akipiga simu isiyopokelewa, ni kumwonea. Mwenye huruma akishindwa mara mbili kupata msaada, mara ya tatu atambeba mnyama mwenyewe au atapita bila kuangalia. Kwa hiyo wilaya zinazopakana na hifadhi na bahari zinahitaji namba moja inayojulikana na kupokelewa usiku na mchana, iliyobandikwa kwenye ofisi za vijiji, madiko ya wavuvi na vijiwe vya bodaboda. Daktari mmoja angalau aliyefundishwa kuwashughulikia wanyamapori pamoja na mifugo. Na akiba ya chanjo ya kichaa cha mbwa katika hospitali za wilaya, ili mtu aliyeng'atwa asisafiri siku nzima kuitafuta. Kuchanja mbwa wa vijijini kuna faida zaidi ya yote hayo, kwani humlinda mtoto, mbwa na bweha kwa mara moja.

Njia za kuzuia majeraha tayari zipo, na zinangoja kuenezwa. Matuta ya barabarani karibu na msitu wa Jozani, Unguja, yamepunguza vifo vya kima punju. Madaraja ya kamba huko Diani huvusha mbega juu ya magari. Barabara mpya zinazobuniwa sasa katika ukanda huu ziwe na gharama hizo katika bajeti tangu mwanzo, na wahandisi wakae meza moja na watu wa wanyamapori kabla ya lami kumwagwa.

Muda uliobaki, Mheshimiwa Mwenyekiti, ni wa maswali, na ingefaa wavuvi na madereva wapewe nafasi ya kwanza, kwa sababu ndio wanaofika mahali pa tukio kabla ya daktari yeyote, na taarifa zao kuhusu sehemu ambako wanyama hugongwa na kunaswa zitahitajika katika kuchora ramani ambayo kamati ya maandalizi imeombwa kuianza.